Diski Pepe: Chumba Kipya Chini ya Paa Lilelile

Ndugu msomaji, mtu aliyepata kuishi katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iwe Magomeni, Ilala ama Temeke, hana haja ya kufundishwa maana ya kugawana nafasi. Ukumbi ni mmoja katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ua ni mmoja, bomba ni moja, na paa ni moja. Lakini kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, na akishaingia na kuufunga mlango, chumba kile kwake ni nyumba kamili. Familia ikiongezeka, watu hutundika pazia ama husimamisha ubao wa plaiwudi, na chumba kimoja kikawa viwili. Hakuna tofali lililoongezwa, wala kiwanja hakikukua hata kwa hatua moja. Nafasi ni ileile, ila mpangilio ni mwingine.

Leo napenda tuzungumze juu ya ubao wa namna hiyo, unaosimamishwa si ndani ya nyumba bali ndani ya kompyuta. Ubao huo unaitwa diski pepe. Neno pepe tumekwisha kulizoea katika barua pepe, barua isiyo na karatasi wala bahasha lakini inamfikia aliyeandikiwa. Diski pepe nayo haina bati wala skrubu, lakini ukiikabidhi kazi zako inazipokea, inazipanga na inakurudishia ukizihitaji.

Nimeona nilieleze jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, kompyuta ya nyumbani siku hizi ni mali ya familia nzima, kama ilivyokuwa redio zamani, na chombo cha watu wengi hakikosi ugomvi. Pili, wako watu wanaoisifu diski pepe kwa sifa ambayo si yake. Wanadhani kwamba kwa kuitengeneza wamejipatia diski ya pili. Hawakujipatia, na dhana hiyo yaweza kumpotezea mtu kazi ya miaka.

KOMPYUTA MOJA, WATU SITA

Kwetu kompyuta ni moja nayo inakaa sebuleni. Mwenzangu, ambaye ni muuguzi, huitumia kwa masomo yake ya jioni. Mwanetu wa kwanza yuko kidato cha tatu na anasoma somo la kompyuta. Wadogo zake wawili wanaijua kwa katuni na michezo. Mimi huandikia makala. Na shemeji yangu, mdogo wake mwenzangu, ambaye tunaishi naye, ni katibu wa kikundi cha VICOBA cha akina mama thelathini wa mtaa wetu. Yeye ndiye anayetunza hesabu zote za kikundi.

Msomaji anayezifahamu VICOBA anajua uzito wa kazi hiyo. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana na kurejesha, na huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na maradhi. Fedha huwekwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo hata mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Sanduku hilo ni busara kubwa. Lakini fedha zilizomo hazina maana kama haijulikani ipi ni ya nani, na hilo hujulikana kwa maandishi tu. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Jioni moja shemeji alifungua kompyuta akakuta jedwali lake la hisa limehamia katika folda ya katuni. Aliyelihamisha ni mtoto wa miaka saba, ambaye hakuwa na nia mbaya yoyote. Alikuwa akitafuta mahali pa kuweka picha zake. Haikupotea hata namba moja. Hata hivyo shemeji alinyanyuka kitini, akaniambia kwa sauti ya taratibu ambayo ilinichoma kuliko kelele:

“Shemeji, fedha za watu zina kufuli tatu, na hesabu zake ziko sokoni. Kesho narudi kwenye daftari.”

Hapo ndipo nilipoona kwamba suala lile halikuwa la kompyuta pekee. Akina mama thelathini walikuwa wamemwamini mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alikuwa ameiamini nyumba yetu.

FAILI LINALOJIFANYA DISKI

Kabla ya kusema tulifanya nini, inafaa tufahamiane juu ya kitu chenyewe. Diski halisi ni chombo cha kushikika. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilipoanza kuuza kompyuta yake iliyoitwa RAMAC, diski yake ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimeta 61 hivi, na uzito wa mtambo huo ulifikia kama tani moja. Ilihifadhi herufi milioni 5, kiasi ambacho leo picha moja ya simu yaweza kukijaza.

Kitu ghali namna hiyo hakikuweza kuwa cha mtu mmoja. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa IBM waliokuwa Cambridge, Massachusetts, walibuni njia ya kuifanya kompyuta moja kubwa ijionyeshe kwa kila mtumiaji kana kwamba ni yake peke yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilitangaza mfumo ulioitwa VM/370, uliojengwa juu ya fikra hiyo. Kila mtumiaji alipewa diski ndogo za kwake, ambazo kwa kweli zilikuwa vipande vya diski kubwa ya wote. Kwa hiyo jambo hili si mtindo wa juzi. Lilizaliwa na uhaba, kama ulivyozaliwa ule ubao wa plaiwudi.

Kwenye kompyuta za nyumbani fikra hiyo imechukua sura nyepesi zaidi. Diski pepe ni faili moja tu, lililo ndani ya diski halisi. Ukilitazama kwa nje ni faili kama lilivyo faili la picha ama la barua. Lakini kompyuta ikiamriwa kuliambatisha, hulichukua kana kwamba ni chombo cha chuma kilichochomekwa sasa hivi. Hulipa herufi yake, huliorodhesha pamoja na diski nyingine, na hukuruhusu kutengeneza folda ndani yake na kuhifadhi kazi. Programu unayoitumia haitambui tofauti. Ukiamuru litolewe, vyote vilivyomo hutoweka machoni kwa mara moja, kama chumba kilichofungwa mlango.

Mafaili ya aina hii yanayotumika katika Windows huitwa VHD. Yalibuniwa na kampuni ya Connectix kwa ajili ya programu yake ya Virtual PC, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2003. Hata leo, mwishoni mwa faili la VHD kuna sehemu ndogo ya utambulisho inayoanza na neno conectix, kwa n moja, kama jina la fundi lililosahauliwa chini ya meza. Kuanzia Windows 7 ya mwaka 2009, mtu wa kawaida aliweza kutengeneza faili hilo bila kutafuta programu nyingine. Mwaka 2012 ikaja aina mpya, VHDX. Aina ya zamani inaishia karibu terabaiti 2. Hii mpya inafika terabaiti 64, kiasi ambacho familia yoyote haitakimaliza.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Kazi yenyewe haichukui dakika kumi. Tuliifanya na mwanangu wa kidato cha tatu, yeye akishika kipanya na mimi nikisoma. Anayeifanya hana budi awe na mamlaka ya msimamizi katika kompyuta hiyo. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kisha katika kisanduku kinachotokea andika diskmgmt.msc. Litafunguka dirisha linaloonyesha diski zote zilizomo. Katika menyu ya vitendo iliyo juu, chagua agizo la kutengeneza VHD.

Utaulizwa mambo matatu. La kwanza ni mahali faili litakapokaa na jina lake. Lipe jina linalosema ukweli, na uliweke mahali ambapo wote wanapafahamu. La pili ni ukubwa. Kwa hesabu na barua, gigabaiti 5 ni nyingi. Kwa picha za familia utahitaji zaidi. La tatu ni aina. Kama kompyuta yako ina Windows 8 ama toleo lililofuata, chagua VHDX. Kisha uamue kama diski iwe ya ukubwa usiobadilika, ama iwe ya kukua kadiri inavyojazwa. Ya kwanza huchukua nafasi yake yote siku ileile unapoitengeneza. Ya pili huanza ikiwa ndogo na kuongezeka kidogo kidogo. Uchaguzi huu una matokeo yake, nami nitaurudia hapa chini.

Diski mpya itatokea katika orodha ikiwa tupu, kama chumba ambacho hakijasakafiwa. Bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uiandae kwa kuchagua mpangilio wa GPT, halafu ubonyeze nafasi iliyo wazi, ufungue eneo jipya, uifomati kwa mfumo wa NTFS na kuipa herufi. Angalia kwa makini kwamba unayoifomati ndiyo ile mpya. Soma ukubwa wake mara mbili kabla ya kukubali, kwa sababu agizo hilohilo likipewa diski nyingine litafuta kila kilichomo.

Kuanzia hapo ni diski kama diski nyingine. Ukitaka kuitoa, bonyeza herufi yake kwa kitufe cha kulia na uchague kuiondoa. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, kwa kawaida diski hiyo haitatokea yenyewe; utalibofya faili lake mara mbili, nayo itarudi. Wenye kompyuta za Apple nao wanayo programu ya diski iliyokuja na mashine, inayotengeneza kitu cha namna hiyohiyo.

Tulimwonyesha shemeji. Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Kisha akauliza swali ambalo lilitosha kuonyesha kwamba alikuwa ameelewa kuliko sisi: “Na mtoto naye akilibofya faili hili mara mbili?”

Jibu ni kwamba litafunguka. Ubao wa plaiwudi hutenga lakini hauzuii.

KUFULI TATU

Palihitajika kufuli. Matoleo ya Windows yaliyokusudiwa kwa ofisi yana BitLocker, ambayo yaweza kuifunga diski pepe kwa neno la siri. Toleo la nyumbani, lililomo katika kompyuta yetu, halikupewa uwezo huo. Lakini iko programu ya bure iitwayo VeraCrypt, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2013, ambayo hutengeneza diski pepe iliyofungwa tangu mwanzo. Kila kinachoingia humo huandikwa kwa maandishi ya fumbo. Mtu asiye na neno la siri hata akiliiba faili lote ataona mchanganyiko wa herufi usio na maana. Inafanya kazi katika Windows, katika kompyuta za Apple na katika Linux.

Shemeji alilipeleka jambo hili katika kikao cha kikundi. Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipojifunza kwamba ufundi ni nusu tu ya kazi. Mama mmoja mtu mzima, ambaye hajapata kuigusa kompyuta, aliuliza: “Katibu akiugua je? Hilo neno lake la siri ataugua nalo?” Mwingine akasema kwamba hawakununua sanduku la kufuli tatu ili hesabu ziwe na kufuli moja. Katibu hakuyapenda maneno hayo, na sura yake ilionyesha hivyo. Ametunza vitabu vyao miaka minne bila kasoro, na swali lile lilimwia kama tuhuma.

Mwenyekiti ndiye aliyelimaliza. Alisema, “Mwanangu, kufuli tatu hatukuziweka kwa kuwa tunaye mwizi. Tuliziweka ili asipatikane mtu wa kumwita mwizi.”

Basi wakaamua hivi. VeraCrypt hupendekeza neno la siri lisilopungua herufi 20. Wakagawana. Katibu akatunga herufi saba, mweka hazina saba, na mwenyekiti saba, kila mmoja za kwake bila ya kumwambia mwenzake. Kila mmoja akaziandika katika bahasha yake, akaifunga kwa gundi na kuitia sahihi, na bahasha zote tatu zikawekwa ndani ya sanduku la chuma. Akiugua mmoja, sanduku hufunguliwa kwa funguo zake tatu mbele ya kikao. Tahadhari hii si ya hiari. VeraCrypt haina ofisi ya kumpigia simu mtu aliyesahau. Neno la siri likipotea, na hesabu zimepotea.

Sasa kila Jumamosi, baada ya kikao, akina mama hawa watatu huja sebuleni kwetu. Kila mmoja huandika sehemu yake huku wenzake wakitazama ukutani. Diski hufunguka, hesabu za wiki huingizwa, ukurasa mmoja huchapwa na kutiwa sahihi, diski hufungwa, kisha hunywewa chai. Watoto wetu wamekwisha kujua kwamba saa hiyo kompyuta si yao.

SHULE ISIYOVUNJA VYOMBO

Iko faida nyingine, na hii ni ya vijana. Mwanangu alitaka kujifunza Linux, nami sikutaka kuiona kompyuta ya familia ikivuliwa mfumo wake kwa ajili ya majaribio. Tukaweka programu ya bure ya VirtualBox. Hiyo huumba kompyuta nzima ya kubuni ndani ya ile halisi, na kompyuta hiyo ya kubuni huhitaji diski yake, ambayo nayo ni diski pepe. Ndani yake akaweka Ubuntu, mfumo ulioanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambao jina lake halihitaji kutafsiriwa sana kwa mtu anayejua utu ni nini.

Wiki ya pili alinijia macho yamemtoka: “Baba, nimeiua.” Alikuwa amefuta mafaili ya mfumo kwa makusudi, ili aone litakalotokea. Lilitokea. Lakini kabla ya kujaribu alikuwa amehifadhi hali ya diski ile kama ilivyokuwa, jambo ambalo VirtualBox inaliruhusu, na baada ya dakika chache maiti ile ilikuwa imefufuka. Kompyuta halisi haikujua kwamba kulikuwa na msiba. Fundi seremala humpa mwanafunzi wake vipande vya mbao vya kuharibu kabla ya kumpa mlango wa mteja. Diski pepe ni kipande hicho cha ubao, nacho hakinunuliwi.

AHADI ISIYO NA AKIBA

Sasa nitoe maonyo niliyoyaahidi.

La kwanza ni juu ya diski inayokua. Jirani yetu mmoja hupiga picha za video za harusi. Alitengeneza diski pepe ya gigabaiti 300 ya kukua, ndani ya diski halisi ambayo tayari ilikuwa imejaa kwa sehemu kubwa. Kompyuta ilimkubalia, kwa kuwa diski ya namna hiyo haidai nafasi yake siku ya kuzaliwa. Usiku mmoja, akiwa katikati ya kunakili harusi, kazi ilisimama. Diski pepe ilionyesha kwamba nafasi ipo tele, na kompyuta ikasema nafasi imekwisha. Zote mbili zilisema kweli. Diski pepe ilihesabu ukubwa ulioandikwa katika ahadi. Diski halisi ilihesabu kilichomo mfukoni. Heri yake alikuwa hajaifuta kadi ya kamera, la sivyo bwana na bibi harusi wangebaki na picha za simu. Ukichagua diski ya kukua, tazama mara kwa mara nafasi iliyosalia katika diski halisi, kwa maana hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Tena, ukifuta vitu ndani ya diski hiyo usitegemee kwamba faili lake litapungua palepale. Hukua lenyewe, lakini kupungua hungoja agizo.

La pili ni umeme. Diski pepe iliyoambatishwa iko kazini, na umeme ukikatika ghafla yaweza kujeruhiwa. VHDX ina rekodi ya ndani inayosaidia muundo wake usiharibike katika tukio hilo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea kuliko VHD. Lakini rekodi hiyo hailindi ukurasa ambao hukuuhifadhi. Ukimaliza kazi, itoe diski. Mlango uliofungwa hauvunjwi na upepo.

La tatu ni wepesi wake wa kufutwa. Chumba kizima ni faili moja. Diski ikiwa imetolewa, mtu anayelifuta faili hilo amefuta hesabu, picha na barua zote zilizokuwamo kwa kubofya mara moja. Waeleze walio nyumbani faili hilo ni nini, kuliko kulificha na kutumaini.

Onyo la nne ndilo kubwa. Diski pepe si nakala ya akiba. Iko juu ya diski ileile, ndani ya kompyuta ileile, katika nyumba ileile. Diski halisi ikifa, diski pepe hufa nayo dakika hiyohiyo. Kompyuta ikiibwa, imekwenda nayo. Mpangaji mwenye kufuli madhubuti haokoki paa likishika moto. Mtu anayehamisha picha zake kutoka diski halisi kwenda diski pepe iliyomo humohumo, kisha akasema amezihifadhi mara mbili, amehamisha kabati kutoka kona hii ya chumba kwenda kona ile.

Lakini umbo lake hilohilo la faili moja ndilo linaloirahisisha nakala. Huna haja ya kukusanya folda arobaini. Toa diski kwanza, kwa sababu faili lililo kazini likinakiliwa ovyo laweza kutoka na kasoro. Kisha linakili faili lile moja katika flashi ama diski ya nje, ukaiweke mahali pengine. Wale wenye flashi zilizofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 wajue kwamba mfumo huo haupokei faili linalofika gigabaiti 4, hata kama flashi yenyewe ni kubwa. Ifomati kwa exFAT kabla hujaweka kitu, na tatizo litakwisha. Diski ya kikundi ina gigabaiti moja tu, hivyo haikupata shida hiyo. Nakala zake ni mbili. Moja imo katika sanduku la chuma, nyingine iko kwa mwenyekiti, mtaa wa pili. Akiiokota mtu njiani haitamsaidia kitu, kwa sababu imefungwa kwa herufi 21 ambazo hakuna mtu mmoja azijuaye zote.

Na shemeji? Bado anaandika katika daftari. Wengine wamemcheka kwamba amepewa kompyuta na kufuli zake lakini hajaiacha kalamu. Mimi simcheki. Daftari halihitaji umeme, na mama yule mtu mzima wa kikundi aweza kulishika, akaifuata safu ya jina lake kwa kidole mpaka kwenye jumla. Hesabu ambayo mwenye mali hawezi kuiona kwa macho yake ni nusu ya hesabu. Kompyuta hujumlisha kwa haraka, daftari huonekana, na nakala iko mbali na nyumba. Vitatu hivyo havigombani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipenda, itengeneze diski pepe katika kompyuta yako. Watenge watoto na hesabu, tenga kazi na mchezo, mpe kijana wako ubao wa kujifunzia. Ni jambo la bure na ni jambo zuri. Lakini kabla hujalala usiku huo, jiulize swali moja na ulijibu kwa kweli: diski halisi ikifa leo usiku, kesho asubuhi nitashika nini mkononi?